Anzia saa nane usiku: kupunguza umeme katika majengo ya chuo yasiyoweza kufungwa

Swali: Mimi ni msimamizi wa majengo katika chuo chenye kumbi za mihadhara, maktaba, jengo la maabara na mabweni mawili. Mifumo mingi ina zaidi ya miaka thelathini. Bili ya umeme inapanda, na uongozi umetenga fedha za kubadilisha viyoyozi vyote na taa. Mjumbe mmoja wa kamati anashikilia kwamba tuanze na paneli za sola. Majengo yana watu muda wote, hatuwezi kufunga hata moja katikati ya muhula. Mhandisi, tuanzie wapi, na kazi itafanyikaje watu wakiwa ndani?

Jibu: Ndugu msimamizi, nianze na hesabu. Juma lina saa 168. Ukumbi wa mihadhara unaofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, una watu kwa saa 50. Saa 118 zinazobaki hauna mtu, hata katikati ya muhula. Ukimwambia mkandarasi kwamba majengo "yana watu muda wote", atakupa bei ya hofu, nawe utakosa kuona mambo mawili: kwamba sehemu kubwa ya umeme unaoweza kuokolewa inaliwa ndani ya saa hizo tupu, na kwamba ni katika saa hizo hizo mafundi wanaweza kufanya kazi. Kwa hiyo jibu la "tuanzie wapi" si viyoyozi, si taa, wala si sola. Anzia saa nane usiku.

Kuna vifaa vidogo vya kurekodi matumizi ambavyo fundi umeme mwenye sifa huvibana juu ya nyaya ndani ya bodi kuu bila kukata chochote. Kodini au nunueni vichache, mviweke kwenye njia ya umeme ya kila jengo, virekodi kila dakika 15 kwa wiki mbili au zaidi, wiki moja ikiwa ya masomo na nyingine, ikiwezekana, ya likizo. Kisha chora mstari wa matumizi ya siku nzima. Mchana utapanda, hilo halina habari. Tazama usiku. Jengo la mihadhara likivuta kilowati 60 saa sita mchana na bado likawa linavuta 20 saa nane usiku, hizo 20 zikiendelea kwa saa zote 118 ni kilowati-saa 2,360 kila juma, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyezifaidi. Bili ya mwezi haiwezi kukuonyesha jambo hilo kwa sababu hujumlisha saa za watu na saa za popo.

Mkishauona mstari, ingieni jengoni usiku: wewe, fundi wako na mlinzi wa zamu. Mlinzi mara nyingi anajua mengi kuliko michoro, kwani ndiye anayesikia feni ya darini ikinguruma alfajiri. Mtakayoyakuta hufanana karibu kila mahali. Kwenye paneli ya feni au pampu kuna swichi yenye nafasi tatu: otomatiki, zima, mkono. Siku moja palitokea hitilafu, fundi akaiweka kwenye mkono ili ajaribu, akaenda zake, na feni imezunguka usiku na mchana tangu hapo. Kuna saa ya kuratibu iliyopoteza majira umeme ulipokatika, sasa inawasha viyoyozi saa tano usiku. Kuna feni za vyooni, hita za maji, kompyuta za maabara nzima ya tehama. Na katika majengo yenye mfumo wa kupasha joto na wa kupoza pamoja, utakuta mmoja unapasha chumba huku mwingine unakipoza, kwa sababu viwango vyao vimewekwa karibu mno. Kiwango cha kuanza kupoza kiwe juu ya kile cha kuacha kupasha kwa nyuzi tatu au nne, ugomvi huo utakwisha.

Marekebisho haya hayahitaji zabuni kubwa wala kumhamisha mtu. Yafanyeni yote kabla ya kununua mtambo wowote, si kwa ajili ya akiba tu, bali kwa sababu yatabadilisha ukubwa wa mtambo mtakaonunua.

Hapo ndipo sikubaliani na mpango wa uongozi wenu kama ulivyoandikwa. Viyoyozi na taa si kazi mbili za bega kwa bega. Moja inatangulia nyingine. Taa ya mrija ya zamani ya wati 36, pamoja na choki yake (kile kifaa kinachodhibiti umeme wa mrija), huvuta kama wati 45. Ya LED ya kuchukua nafasi yake huvuta kama 18. Ukumbi wenye mirija 100 unapungukiwa kilowati 2.7, na hizo zote zilikuwa zinaishia kuwa joto ndani ya chumba. Kiyoyozi kinachoondoa uniti tatu za joto kwa uniti moja ya umeme kilikuwa kinatumia karibu kilowati 0.9 nyingine kulitoa joto hilo nje. Ongeza kivuli kwenye madirisha yanayopigwa na jua la mchana, ziba mianya, weka kizuia joto juu ya dari, na mzigo wa kiyoyozi unaweza kushuka hadi ukanunua kidogo kuliko kile kilichoandikwa kwenye kibao cha mtambo wa zamani. Mkandarasi anayenakili namba ya kibao anakuuzia makosa ya mwaka ule jengo lilipojengwa. Tena kiyoyozi kikubwa kupita mzigo hakipozi vizuri zaidi: huwaka na kuzima kila mara, hakipati muda wa kukausha hewa, na watu hukaa kwenye chumba chenye baridi na unyevu. (Mahali penye msimu wa kupasha joto, kumbuka kwamba joto la taa lililoondoka litadaiwa kwa boila. Lihesabuni, msije mkaahidi akiba mara mbili.)

Kuhusu taa zenyewe, kuna haraka ambayo haikutoka kwenye kamati yenu. Nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kukomesha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya taa za mirija za fluoresenti ifikapo mwisho wa 2027, kwa sababu ya zebaki iliyomo. Mirija mtakayoitoa isivunjwe wala kutupwa jalalani pamoja na takataka nyingine. Andikeni ndani ya mkataba wa mkandarasi nani anaichukua na kuipeleka wapi.

Mrija wa LED unaweza kuwekwa ndani ya kifuniko cha zamani kwa njia mbili: kuacha choki na kubadilisha stata tu, au kuruka choki kabisa na kuleta umeme wa njia kuu moja kwa moja kwenye vishikio vya taa. Ya pili haina choki ya kuharibika baadaye, lakini fundi wa mwaka ujao atakayechomeka mrija usio sahihi anaweza kuumia, hivyo kila taa iliyobadilishwa ibandikwe onyo. Binafsi, kwenye madarasa napendelea kubadilisha taa nzima, kwani plastiki ya miaka thelathini imeshakuwa ya njano na vishikio vimekauka; mrija peke yake nauacha kwa stoo na vyumba vya mitambo. Chungeni taa za dharura. Betri zake huchajiwa na waya usiopita kwenye swichi. Fundi mwenye haraka huunganisha taa yote nyuma ya sensa ya mwendo, na kila sensa inapozima, taa inadhani umeme umekatika, betri inaisha, na siku ya moto ngazi zinakuwa giza.

Na sensa hizo zisiwekwe kwa kufuata mtindo. Aina ya kawaida huhisi joto la mwili linalosogea, na haioni nyuma ya ukuta wa mbao wala rafu ya vitabu. Ukumbi wa mitihani ni mahali ambapo watu 200 hukaa kimya kwa muda wa saa tatu. Taa zikizimika katikati ya karatasi, kesho yake sensa zote zitakuwa zimebandikwa gundi. Darasani, mtu awashe kwa mkono na sensa izime baada ya watu kutoka. Mpango huo hauwashi taa mahali ambapo mwanga wa dirisha unatosha.

Feni na pampu zinastahili fedha kabla ya viyoyozi vipya, kwa sababu ya sheria moja ya fizikia: nguvu inayotakiwa na feni hupungua kwa mchemraba wa mwendo. Ukipunguza mwendo hadi asilimia 80, nguvu inashuka hadi karibu asilimia 51. Kidhibiti mwendo kwenye mota ya feni ya ukumbi, kikiongozwa na sensa ya hewa ya kabonidioksidi, kinafanya ukumbi wenye watu 30 usihudumiwe kama wenye 300. Hewa ya nje ina kama sehemu 420 za gesi hiyo kwa milioni. Mafundi wengi huacha feni itulie kiwango cha ndani kikiwa chini ya 1,000. Msizibe hewa ya nje ili kuokoa umeme, wanafunzi watasinzia na ukungu utaota. Pampu inayopandisha maji kwenye tanki la paa haifuati hesabu hiyo kikamilifu: kimo cha kupandisha hakipungui, na ukiipunguza mno maji hayafiki.

Jengo la maabara lipeni sura yake peke yake kwenye mpango. Mara nyingi ndilo linalokula kuliko yote, na anayekula si taa wala kompyuta, ni hewa. Yale makabati yanayofyonza mvuke wa kemikali huvuta hewa ya chumba ambayo tayari mmelipia kuipoza au kuipasha, na kuitupa nje. Chukua kabati lenye uwazi wa mita 1.5 kwa mita 0.5, hewa ikiingia kwa mita 0.5 kwa sekunde: ni meta za ujazo 1,350 kila saa, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Zidisha kwa idadi ya makabati yenu.

Watu wengi hufikia hapa wakabandika mabango, "Tafadhali shusha kioo cha kabati." Kushusha kioo ni salama zaidi kwa anayefanya jaribio, lakini hakuokoi chochote kama feni ni ya mwendo mmoja na kabati lina njia ya pembeni ya kupitishia hewa, kiasi kile kile kinaendelea kutoka. Akiba huja pale kioo kinapounganishwa na feni inayobadili mwendo, na feni ya kuingiza hewa chumbani ikifuata. Angalieni mlicho nacho kabla ya kuwalaumu watafiti. Kasi ya hewa kwenye uwazi isiguswe na mtu wa majengo peke yake. Hiyo ni kinga ya afya, inabadilishwa pamoja na mkuu wa usalama wa maabara, na kupimwa upya kabati kwa kabati. Friji za nyuzi 80 chini ya sifuri nazo ulizeni: sampuli nyingi hukaa vizuri kwenye 70, na tofauti hiyo huonekana kwenye mita, ila mwenye sampuli ndiye mwenye uamuzi.

Mabwenini mzigo ni maji ya moto, na huko nakukanya jambo moja. Kuna atakayependekeza tanki lishushwe hadi nyuzi 45. Bakteria wa Legionella huzaliana kati ya nyuzi 20 na 45, na wakivutwa na pumzi kupitia matone laini ya maji ya bafuni huleta nimonia inayoweza kuua. Tanki libaki nyuzi 60, na vali za kuchanganya ziwekwe bafuni watu wasiungue. Tafuteni akiba kwenye vichwa vya mabomba ya mvua vinavyotoa maji kidogo, mabomba yaliyovikwa kizuia joto, na mitambo ya kuchota joto la hewa au la jua. Sinki likiondolewa, bomba lake likatwe hadi kwenye bomba kuu. Kipande kilichozibwa mwisho ni maji yaliyotuama. Baada ya likizo ndefu, fungulieni mabomba yote yatiririke kabla ya wanafunzi kurudi.

Mjumbe wa sola hajakosea, amewahi tu. Paneli zipimwe kwa mzigo uliokwisha kupunguzwa, paa likiwa limeshatengenezwa, na mkijua matumizi ya likizo, maana jua haliendi likizo. Takwimu za virekodi vyenu ndizo zitakazomjibu.

Viyoyozi vikifika zamu yake, someni aina ya gesi kabla ya bei. Kwa Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, gesi ya R-22 ya viyoyozi vya zamani ilikoma katika nchi zilizoendelea mwaka 2020 na inakoma katika zinazoendelea 2030, ikibaki kiasi kidogo cha kuhudumia mitambo iliyopo. Marekebisho ya itifaki hiyo yaliyopitishwa Kigali mwaka 2016 yanapunguza kundi la gesi lililofuata. R-410A hupasha dunia joto mara 2,088 kuliko uzito ule ule wa kabonidioksidi. R-32 mara 675, nayo inawaka kwa kiasi. Mtambo utakaokaa miaka 15 au zaidi usinunuliwe na gesi ambayo katikati ya maisha yake itakuwa adimu. Ya zamani ivutwe kwenye mtungi, isiachiliwe hewani.

Sasa swali lako la pili. Ratiba ya mitihani iingie kwenye zabuni kabla mkandarasi hajatoa bei. Ukimpa baadaye, kila siku ya ukimya itakuwa madai. Kutoboa zege ghorofa ya chini husikika ya tatu, kwa hiyo "chumba hakina mtu" hakutoshi. Gawa kazi zote katika mafungu matatu: zisizomgusa mtu, kama vyumba vya mitambo na paa, zinazohitaji chumba kitupu kwa saa chache, ambazo zile saa 118 zinazimeza bila shida, na zinazohitaji kuzima maji au umeme wa jengo zima.

Fungu la tatu ndilo la kupanga kwa akili. Msizime jengo mara kumi kwa kazi kumi. Tumieni uzimaji mmoja wa mapema, siku ya likizo, kuweka vali na matawi ya bomba yaliyozibwa mwisho (kwenye mifumo ya kupoza na kupasha, si kwenye maji ya kuoga), pamoja na nafasi za ziada kwenye bodi ya umeme, kila mahali ambapo mtambo mpya utaungwa. Kuanzia hapo mtambo unaungwa siku yoyote bila kukausha mfumo. Mpya ujengwe kando ya wa zamani na kujaribiwa, kisha mbadilishane mwisho wa juma mmoja. Wa zamani usikatwe vipande hadi mpya upite siku za joto kali au baridi kali. Pasipo nafasi, kodini mtambo wa muda na mwuweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kabla ya kuzima umeme, pita na karatasi uulize nani ana nini: friji za sampuli, seva, jaribio linaloendelea wiki nzima, na milango ya kielektroniki. Hiyo ya mwisho husahaulika. Ujue mlango ukikosa umeme unafunguka au unajifunga, na ujue kabla ya giza.

Majengo ya umri huo yanaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, kwenye vifuniko vya mabomba, mbao za dari na gasketi. Uchunguzi wa mtaalamu utangulie tundu la kwanza, tena ule wa kufungua dari na kuta. Kengele za moto zizimwe kwa kanda inayofanyiwa kazi tu, kamwe si jengo zima, na si bwenini usiku. Vifuniko vya vumbi juu ya vitambuzi vitolewe kila jioni. Kazi ya kuchomelea iwe na kibali cha siku, na mtu abaki akiangalia angalau saa moja baada ya moto kuzimwa. Tundu lililopenya ukuta wa kuzuia moto lizibwe siku hiyo hiyo, kwa sababu likishafunikwa na dari hakuna atakayelikumbuka. Lifti ikisimama na kuna mwanafunzi wa kiti cha magurudumu, hamisheni darasa zima lishuke chini.

Kabla ya kutia saini kwa vyumba 200, kamilisheni kimoja, taa, hewa, vidhibiti na kila kitu, mkiache kitumike wiki kadhaa. Wahadhiri watakwambia mwanga unaakisi ubaoni, feni inafunika sauti, au swichi haieleweki. Kulirekebisha katika chumba kimoja ni bei ya chumba kimoja.

Mkishamaliza, rudisheni virekodi vile vile kwenye bodi zile zile, kwa wiki zinazofanana na za mwanzo, mkizingatia hali ya hewa na idadi ya wanafunzi. Bila hivyo, viyoyozi vitasifiwa kwa kazi ya mwaka wa baridi. Fundi mwenye dhamana ya umeme aangalie pia kapasita za kurekebisha nguvu kwenye bodi kuu, zile zinazofidia umeme ambao choki na mota huvuta bila kuufanyia kazi: zilipangwa kwa choki na mota ambazo sasa hazipo, na zikizidi mzigo huweza kupandisha volteji. Sehemu ya malipo ya mkandarasi ibaki mkononi hadi mfumo ujaribiwe katika msimu wa pili. Siku ya makabidhiano, pamoja na michoro iliyorekebishwa, chuo kipewe nywila zote za mfumo wa udhibiti kwa maandishi, na watu wawili wa kwenu wawe wamebadilisha ratiba ya ukumbi mmoja kwa mikono yao wenyewe mbele ya mkandarasi.